Redio ya CB ndani ya lori: Antena kwanza, maneno machache baadaye

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Februari 11, mwaka 2021, mvua ya barafu iligandisha uso wa barabara kuu ya I-35W mjini Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Magari zaidi ya 130, yakiwamo malori makubwa, yaligongana na kurundikana. Watu sita walipoteza maisha na makumi ya wengine walijeruhiwa.

Ajali ya namna hiyo ina sura moja ya kutisha. Gari la kwanza huteleza, la pili huligonga, na anayekuja nyuma kwa kasi, gizani au ndani ya ukungu, hana habari. Anapoziona taa za breki za aliye mbele yake, nafasi ya kusimama imekwisha.

Hakuna anayeweza kudai kwamba chombo kimoja kingewaokoa wote waliokuwa pale. Hata hivyo, madereva wa malori wa Marekani wamekuwa wakijiuliza swali hilo hilo kwa zaidi ya nusu karne: aliye mbele atamwonyaje aliye nyuma, ambaye hamjui kwa jina wala hana namba yake ya simu? Moja ya majibu yao ni redio ya CB.

Jambo hili linazigusa pia familia nyingi za Afrika Mashariki. Ndugu zetu waliohamia Marekani kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko wameingia katika kazi ya kuendesha malori ya masafa marefu. Mgeni katika kazi hiyo anaweza kukuta nafasi ya redio ikimsubiri juu ya kioo cha mbele, lakini asipate mtu wa kumweleza anunue ipi, aifunge vipi na aseme nini. Makala haya yanalenga kuziba pengo hilo.

Chombo chenyewe ni kipi?

CB ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya masafa ya wananchi. Ni aina ya simu ya upepo ambayo mtu wa kawaida anaruhusiwa kuitumia bila kufanya mtihani wowote. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungua huduma hiyo katika masafa ya megahezi 27 mwaka 1958. Mwanzoni ilikuwa na chaneli 23, na kuanzia Januari 1, mwaka 1977 zikaongezwa hadi kufikia 40. Leseni ambayo kila mtumiaji alipaswa kuiomba ilifutwa mwaka 1983.

Umaarufu wake ulikuja na shida. Mgogoro wa mafuta ulipoikumba Marekani mwaka 1973, na kikomo cha kasi cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88, kilipowekwa nchi nzima mwaka 1974, madereva walianza kuambiana kwa redio ni kituo gani kina mafuta. Waliambiana pia, kwa uwazi usiofichika, ni kona gani trafiki wamejificha.

Tofauti yake na simu ya mkononi ni muhimu kueleweka. Simu humtafuta mtu mmoja unayemjua, popote alipo. CB huwafikia watu wote usiowajua, mradi wako jirani na wamefungua chaneli hiyo. Haihitaji mnara, vocha wala namba.

Ujirani huo ndio wenye faida. Lori linalokwenda maili 65 kwa saa, sawa na kilomita 105, hukata takriban mita 29 kila sekunde. Likiwa na uzito kamili wa tani 36 hivi, huhitaji zaidi ya mita 150 ili lisimame kwenye lami kavu, na nyingi zaidi kwenye barafu. Onyo likitoka kilomita tano mbele, dereva hupata karibu dakika tatu za kujiandaa. Macho peke yake, kwenye ukungu mzito, humpa sekunde chache tu.

Kuchagua redio

Dereva wengi huanza kwa kutazama redio yenye taa nyingi na vitufe vingi. Huko ni kuanzia mwisho. Kwa mujibu wa kanuni za FCC, redio zote halali za CB zina kikomo kimoja cha nguvu: wati 4 kwa mfumo wa kawaida wa AM, na wati 12 kwa mfumo wa SSB. Redio ya bei kubwa, kwa hiyo, haina nguvu kuliko ya bei ndogo katika mfumo ule ule. Kinachoongezeka ni usikivu, uimara na urahisi wa matumizi.

Kwa kazi ya barabarani, AM inatosha, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na malori mengi. SSB huipeleka sauti mbali zaidi, lakini asiye na redio ya mfumo huo atasikia mkoromo usioeleweka. Mfumo wa FM uliruhusiwa Marekani mwaka 2021 na sauti yake ni safi. Hata hivyo redio nyingi za zamani zilizoko barabarani hazina mfumo huo.

Mambo ya kuangalia dukani ni machache. Kwanza, redio iwe na kibali cha FCC. Majina kama Cobra, Uniden, President na Midland yanafahamika kwa muda mrefu na vipuri vyake hupatikana. Pili, iwe na kitufe cha kupunguza kelele za injini, ambacho huandikwa NB au ANL. Tatu, iwe na kitufe cha kurukia moja kwa moja chaneli 9 na 19. Nne, ikiwezekana, iwe na chaneli za kupokea taarifa za hali ya hewa, kwa kuwa idara ya hali ya hewa ya Marekani hutangaza maonyo kwa redio saa 24.

Tano, pima nafasi uliyonayo kabla ya kununua. Redio kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya lori haitakaa katika gari dogo bila kumgonga abiria magotini.

Yapo pia mapambo: mwangwi, mlio wa kumaliza maneno, taa za rangi. Hayo hayamsaidii anayekusikiliza kukuelewa, na mwangwi humchanganya.

Muuzaji akikushawishi ununue kifaa cha kuongeza nguvu hadi mamia ya wati, kataa. Kifaa hicho ni marufuku kwenye CB, na mwenye kukamatwa nacho anaweza kutozwa faini.

Siri iko kwenye antena

Ukiwa na fedha kidogo, punguza kwenye redio, usipunguze kwenye antena. Wati 4 ni nguvu ndogo, pungufu ya balbu ya chumbani, na antena ndiyo inayoamua kama zitafika kilomita kumi au zitaishia kwenye bampa la gari linalofuata.

Urefu wa wimbi moja la CB ni takriban mita 11. Antena nzuri ya garini ni robo ya urefu huo, yaani karibu mita 2.7. Kwa kuwa si rahisi kutembea na fimbo ndefu kiasi hicho, watengenezaji huifupisha kwa kuzungusha waya ndani yake. Kadiri inavyofupishwa, ndivyo ufanisi unavyopungua. Kanuni ni rahisi: nunua ndefu kadiri gari lako linavyoruhusu, ukikumbuka madaraja ya chini. Katika majimbo mengi ya Marekani kimo halali cha lori ni futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.1 hivi.

Mahali bora kwenye gari dogo ni katikati ya paa. Antena ya kubandika kwa sumaku ni rahisi na haihitaji kutoboa bati. Lakini kabini za malori mengi ya Marekani ni za alumini au faibaglasi, na sumaku haishiki hapo. Kwa sababu hiyo antena za malori hufungwa kwenye mikono ya vioo vya pembeni.

Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Antena huhitaji kugusana na chuma cha gari, ambacho mafundi hukiita ethi. Chuma hicho ni nusu ya pili ya antena. Mkono wa kioo uliopakwa rangi au uliofungwa kwenye plastiki hauna ethi. Dawa yake ni kukwangua rangi mahali pa kufungia na kuvuta waya mnene hadi kwenye chasisi. Kwa gari lenye mwili wa faibaglasi mtupu, zipo antena maalumu zisizotegemea ethi.

Antena mbili, moja kila upande, huonekana za kifahari. Zinafanya kazi iliyokusudiwa iwapo tu zimeachana kwa mita 2.5 hivi au zaidi na zimeunganishwa kwa kebo maalumu ya jozi. Gari lisilo na upana huo litumie moja.

Kufunga hatua kwa hatua

Kwanza, zima gari na uondoe waya wa hasi kwenye betri. Chagua mahali pa redio ambapo mkono utafika bila macho kuacha barabara, mbali na mifuko ya hewa ya usalama na mbali na miguu. Kabla ya kutoboa, tazama nyuma ya bati hilo kuna nini.

Pili, shughulikia umeme. Malori mengi ya Marekani yana vichwa viwili vya umeme wa volti 12 kwenye dashibodi kwa ajili ya redio. Kama havipo, vuta waya mwekundu hadi kwenye chanya ya betri na mweusi hadi kwenye hasi. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha redio. Waya mrefu usio na fyuzi, ukichubuka na kugusa bati, unaweza kuunguza gari zima. Tundu la kiberiti cha sigara ni la dharura tu, kwa sababu huleta kelele na hulegea.

Tatu, pitisha kebo ya antena mbali na nyaya za injini. Usiibane mlangoni wala kuikunja kwa pembe kali. Iliyobaki isizungushwe kuwa duara dogo. Ilazwe kwa mikunjo mipana.

Nne, pima kwa mita ya fundi umeme. Kitako cha antena na chasisi viwe vimeungana. Pini ya katikati ya kebo isiungane na ganda lake la nje, ila kama kitabu cha antena kinasema imeundwa hivyo.

Tano, usibonyeze kitufe cha kuzungumza kamwe kabla antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani ya redio na kuunguza transista zake za mwisho.

Kipimo kisichopaswa kurukwa

Hatua inayorukwa na wengi ni kupima kile kinachoitwa SWR, yaani kiasi cha mawimbi yanayorudishwa na antena. Ni kama kumimina maji kwa haraka katika chupa yenye shingo nyembamba: yanayoingia huingia, mengine humwagikia mkononi. Kipimo chake ni mita ndogo isiyo ghali, na baadhi ya redio zinayo ndani.

Peleka gari uwanjani, mbali na kuta, malori mengine na nyaya za umeme. Funga milango. Unganisha mita kati ya redio na kebo ya antena, kisha pima kwenye chaneli 1, 20 na 40, ukihakikisha kwanza hakuna anayezungumza. Usomaji wa 1.5 au chini yake ni mzuri. Hadi 2 unavumilika. Ukizidi 3, acha kuzungumza hadi utakapopata kosa.

Usomaji wa chaneli 1 ukiwa mkubwa kuliko wa 40, antena ni fupi. Irefushe kwa skrubu iliyo kwenye ncha. Wa 40 ukiwa mkubwa zaidi, antena ni ndefu. Ifupishe kidogo kidogo. Ukiwa mkubwa sana kwenye chaneli zote, usihangaike na ncha. Tatizo ni ethi au kebo.

Kuzungumza na kusikiliza

Washa redio, weka chaneli 19, ambayo kwa mazoea ndiyo ya barabara kuu. Baadhi ya barabara za Magharibi mwa nchi hiyo hutumia 17. Zungusha kitufe kilichoandikwa SQ hadi mkoromo unapokatika, uachie hapo hapo. Ukikizidisha utaua pia sauti dhaifu za mbali, ambazo huenda ndizo zenye habari unayoihitaji.

Shika kipaza sauti sentimita tano hadi nane kutoka mdomoni. Bonyeza, ngoja nusu sekunde, sema kwa sauti ya kawaida, kisha achia. Ukiwa umebonyeza husikii mtu, na wengine hawawezi kusema. Kitufe kilichokwama chini ya kiti huweza kuifunga chaneli nzima kwa watu walio jirani nawe.

Onyo lenye manufaa lina mambo manne: barabara na uelekeo, namba ya kibao cha maili, tatizo, na la kufanya. Kwa mfano, kwenye I-80 huko Wyoming, ambako upepo na theluji hufunga barabara kati ya Laramie na Rawlins mara kwa mara wakati wa baridi, ujumbe kamili ungekuwa: mnaoelekea magharibi I-80, lori limeanguka maili 255, njia ya kulia imefungwa, punguzeni mwendo sasa. Sekunde kumi zinatosha.

Mgeni atasikia msamiati wa pekee. “10-4” maana yake nimeelewa, “10-9” ni rudia, na “10-20”, au “20” tu, ni mahali ulipo. “Bear”, yaani dubu, ni askari wa barabarani. “Alligator”, yaani mamba, ni kipande cha tairi lililopasuka kilicholala njiani. “Chicken coop”, yaani banda la kuku, ni kituo cha mizani. Si lazima kuyatumia, lakini ni lazima kuyaelewa, kwa sababu atakayekuonya atayatumia.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa lafudhi yao. Hofu hiyo ina sababu, kwani chaneli 19 haina mlinzi na matusi na kejeli dhidi ya wageni husikika. Njia ya busara ni kutomjibu mwenye matusi, na kutouacha ujumbe wa usalama usemwe na wengine tu. Namba ya barabara na namba ya maili hueleweka kwa lafudhi yoyote zikitamkwa polepole. Wawili wakitaka kuzungumza Kiswahili kwa kirefu, wakubaliane chaneli nyingine na kuiacha 19 wazi.

Kanuni nazo zipo. Mazungumzo yasizidi dakika tano mfululizo, kisha kuwe na mapumziko ya dakika moja. Muziki, matangazo ya biashara, lugha chafu na ishara za uongo za dharura ni marufuku. Chaneli 9 imetengwa kwa dharura na msaada wa barabarani, ingawa siku hizi wanaoisikiliza ni wachache. Kukiwa na majeruhi, simama mahali salama na upige 911 kwa simu, kisha uwaonye wanaokuja kwa chaneli 19.

Tangu Januari 2012, kanuni za serikali kuu ya Marekani zinamkataza dereva wa lori la biashara kushika simu ya mkononi akiendesha. Katazo hilo halikuigusa CB, lakini majimbo yana sheria zake, na macho hubaki kuwa ya barabara.

Mipaka yake

Si haki kuisifu redio hii kupita kiasi. Kwa kawaida hufika kilomita tano hadi kumi na tano kati ya gari na gari, na pungufu ya hapo milimani au mijini. Jua linapochangamka, mawimbi huruka angani na kuleta sauti za watu walio mamia ya kilomita, zikiwafunika walio jirani. Aidha, ramani za simu zimewafanya madereva wengi kuzima CB au kutoinunua kabisa. Kuna nyakati utauliza hali ya barabara na hakuna atakayejibu.

Hii ndiyo sababu wazoefu huiacha ikiwa wazi kwa sauti ya chini hata inapokuwa kimya. Foleni inapojitokeza bila maelezo, au anga linapogeuka jeupe, wenye redio huanza kuulizana.

Kwa anayetaka kuileta nyumbani

Baadhi ya wasomaji wetu huletewa vifaa na ndugu walio ng'ambo. Kwa redio ya CB, tahadhari tatu zinahitajika kabla ya kuifunga.

Kwanza ni sheria. Uhuru wa Marekani hausafiri pamoja na redio. Nchini Tanzania masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na nchini Kenya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Ulizia kibali kwanza, kabla ya kuagiza na si baada ya kukamatwa.

Pili ni umeme. Redio hizi zimetengenezwa kwa volti 12, ilhali malori mengi ya barabara zetu hutumia volti 24. Ukiunganisha bila kifaa cha kupunguza umeme, utaiunguza siku ya kwanza.

Tatu ni swali la nani atakusikia. Magari ya polisi, hifadhi za wanyama na kampuni za utalii yana simu za upepo, lakini hizo hutumia masafa mengine na haziwezi kuzungumza na CB. Msafara wa malori matatu yenye redio na kibali utafaidika. Lori moja peke yake litasikiliza mkoromo.

Kwa aliye barabarani Marekani, hali ni tofauti, na gharama ya kujiandaa ni ndogo. Kabla ya kuondoka, kagua skrubu za antena, pima SWR ikiwa umebadilisha chochote, kisha uliza kwenye chaneli 19 kama unasikika. Asubuhi ya barafu si wakati wa kugundua kwamba waya wa ethi ulikatika wiki iliyopita.